Bado Tunasubiri Barua

Waswahili walisema subira yavuta heri. Walisema kweli. Ila hawakusema subira hiyo ni ya muda gani, wala nani alipe nauli ya kwenda posta kuangalia kama heri yenyewe imeshafika. Hilo walituachia sisi akina yakhe tuligundue wenyewe. Na tumeligundua, tena sana.

Makala hii ni ya historia. Najua neno hilo likitajwa kijiweni wengi hupiga miayo. Wanakumbuka kipindi cha mchana, mwalimu akijaza tarehe ubaoni na tumbo likidai ugali. Lakini historia ninayotaka kuisimulia leo haina majemadari wala mizinga. Ni historia ya kusubiri kuitwa. Kuitwa sekondari, kuitwa chuo, kuitwa ng'ambo. Kila kijana wa nchi hii amewahi kukaa kwenye foleni hiyo, awe alitoka nayo na bahasha mkononi au alitoka nayo mikono mitupu. Cha ajabu ni kwamba vitabu vyetu vya historia vinatuambia waliofika, nadra sana vinatuambia walivyosubiri.

Basi nianzie Ulemo.

Ulemo iko Iramba, mkoa wa Singida. Ukitoka Singida mjini kufuata barabara ya Nzega utaikuta kabla hujateremka mlima wa Sekenke kwenda Shelui na mbuga ya Wembere. Ni nchi ya alizeti, mtama na uwele, nchi ya kuku wa kienyeji ambao wenzetu wa Dar huwasifia wakiwa mezani bila kujua walikotoka. Kiomboi, makao makuu ya wilaya, hayako mbali. Na Sekenke yenyewe si jina dogo. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu pale mnamo 1909, na mwaka 1916, vita ilipowabana, walitumia dhahabu hiyo kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora. Ile sarafu yenye picha ya tembo leo inasakwa na wakusanyaji dunia nzima. Kwa hiyo dhahabu ya Iramba ilikwishafika kwenye makabati ya Ulaya miaka mingi kabla mtoto wa Iramba hajaruhusiwa kukanyaga chuo kikuu chochote.

Ninaye dada huko, mtoto wa mama mkubwa. Ni mwalimu. Ameomba shahada ya uzamili ng'ambo, vyuo vitatu kwa mpigo, katika taaluma ambayo hata baba mkubwa mpaka leo hajui aiiteje. Ni tiba ya usemi na lugha: kumsaidia mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, aliyezaliwa na mdomo wazi, mwenye mtindio wa ubongo, mzee aliyepigwa na kiharusi akapoteza maneno, au mgonjwa anayepaliwa kila akijaribu kumeza. Wenye taaluma hiyo kule kwao huifupisha kwa herufi tatu: S, L na P. Nilipoziona kwenye fomu zake nikacheka. Kwetu sisi S.L.P. ni sanduku la posta! "Cheka tu mdogo wangu," akaniambia, "maana yote mawili nayasubiri."

Siku hizi majibu huja kwa simu, lakini kusubiri ni kule kule. Babu mmoja jirani, kila akimwona dada ameinamia simu yake, humuuliza: "Mjukuu wangu, hiyo barua yako inakuja kwa miguu?" Dada hana jibu. Mimi ndiye niliyeamua kumtafutia babu jibu, na jibu lenyewe nimelikuta refu kuliko nilivyodhani.

Barua za meli

Wakati wa mkoloni, mlango wa elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote ulikuwa mmoja: Makerere. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua pole pole, na mwaka 1949 ikaingia kwenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Mtoto wa Tanganyika aliyetaka kufika huko alipita kwanza kwenye tundu la sindano, shule chache kama ile ya serikali ya Tabora. Kisha akakaa mtihani wa Cambridge. Mtihani umetungwa Uingereza, unasahihishwa Uingereza, na karatasi za majibu zinasafiri hadi huko na matokeo yanarudi kwa njia ndefu ile ile. Kijana anarudi nyumbani kulima na kuchunga huku maisha yake yamo ndani ya gunia la posta mahali fulani baharini.

Iramba nayo ilikuwa na bahati yake ya usafiri. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, huko huko Iramba ya wakati huo. Mnajua yaliyolipata? Katika miaka ya 1940 waling'oa. Naam, waling'oa reli nzima, wakisema haina faida. Sisemi barua ya mtu ilipotea kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba waliokaa Dar au London wakipiga hesabu za faida na hasara hawakuona kama mtu wa Kinyangiri anayesubiri kitu ni sehemu ya hesabu hiyo.

Na barua ikifika haiji nyumbani. Kwetu posta haigongi hodi mlangoni. Barua huenda kwenye sanduku, na sanduku ni la shule, la misheni, la zahanati, au la mjomba aliyeajiriwa. Kwa hiyo kijana wa kijijini amekuwa akisubiri mara mbili: asubiri barua ifike mjini, halafu asubiri mwenye ufunguo wa sanduku aje nayo. Waliosoma enzi hizo wanajua habari za bahasha iliyolala mfukoni mwa koti la mtu wiki mbili, mpaka koti likafuliwa.

Mwalimu naye alinyimwa

Tunapenda kumsimulia Mwalimu Nyerere kana kwamba alizaliwa akiwa Edinburgh. La hasha. Baada ya kumaliza Makerere alikuwa akifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, ambayo ukitazama ramani ni majirani zetu watu wa Iramba. Akiwa pale alijisomea kwa muda wake wa ziada, na Januari 1948 akafaulu mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London. Akaomba fedha za masomo kwenye mfuko wa maendeleo ya makoloni. Wakamnyima.

Hebu tulia hapo kidogo, msomaji. Wakamnyima. Mwalimu wa watu, ana cheti, ana akili inayojulikana, anaambiwa subiri. Aliomba tena, na mwaka 1949 wakamkubalia. Hata hapo alisitasita, maana kuondoka kulikuwa na maana ya kumwacha mama yake na wadogo zake bila msaada wake. Aprili mwaka huo akasafiri, na mwaka 1952 akarudi na shahada ya Edinburgh.

Sisimulii haya ili kila aliyenyimwa ajione ni rais wa kesho. Huo ndio uongo wa wahubiri wa mafanikio, na sitaki kuwa mmoja wao. Wapo wengi walioomba mara ya pili na ya tatu wakanyimwa, na walikuwa na akili vile vile. Ninachosema ni kwamba barua ya kukataliwa haisomi kilichomo kichwani mwa mtu. Inasoma ukubwa wa mfuko. Mfuko ukiwa mdogo, hata Nyerere anabaki nje.

Miaka kumi baadaye jambo lile lile likatokea kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana kadhaa wa Afrika Mashariki walikuwa na barua za vyuo vya Marekani mkononi. Wengine walikuwa na ufadhili wa masomo kabisa. Walichokosa ni nauli. Fikiria kasheshe hilo: umeitwa, umekubaliwa, umeimbiwa na kijiji kizima, halafu huna tiketi! Tom Mboya wa Kenya akazunguka Marekani kuomba, na Septemba 1959 ndege ikaruka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na safari hiyo wakachukuliwa na wa Tanganyika, Uganda na kwingineko. Miongoni mwa wasichana wa 1960 alikuwemo Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kama si ile ndege, barua yake ingebaki karatasi.

Kufaulu si kuchaguliwa

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu alipenda kukumbusha, nchi ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Oktoba mwaka huo huo chuo kikuu cha kwanza kikafunguliwa Dar es Salaam, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kitivo kimoja tu, sheria, na wanafunzi 14. Mwaka 1963 kikaanza chuo cha udaktari, ambacho baada ya kubadili sura mara kadhaa ndicho leo tunakiita Muhimbili. Mwaka huo huo wa 1963 kanisa Katoliki lilifungua Tabora shule ya kwanza ya viziwi nchini. Kwa hiyo mtoto wa Iramba asiyesikia alipata walau mahali pa kupelekwa. Mtoto anayesikia vizuri lakini ulimi haumtii, huyo hakupata kitu.

Mitihani nayo ikarudi nyumbani kwa hatua. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 tukawa na la kwetu wenyewe. Safari ya meli ikaisha. Lakini kusubiri hakukuisha, kulibadili jina tu. Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipoanza kutofautisha maneno mawili ambayo mgeni anaweza kudhani ni kitu kimoja: kufaulu na kuchaguliwa. "Mtoto wako alifaulu?" "Alifaulu, ila hakuchaguliwa." Ukiwauliza wazee wa miaka ya 1970 na 1980 watakwambia sentensi hiyo ilisikika kila kijiji. Shule za sekondari zilikuwa za kuhesabika, nafasi ziligawanywa, na mtoto aliyefaulu darasa la saba alirudi kushika jembe akiwa na akili zake zote kichwani.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Nia yake ilieleweka: msomi asijione yuko juu ya mkulima. Likaagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita, baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwanza walau miaka miwili, apate na mapendekezo ya kazini na ya chama, ndipo aombe chuo kikuu. Hapo kusubiri kukawa sera ya taifa. Walioipenda walisema inawakomaza vijana. Walioumia zaidi walikuwa wasichana, kwa sababu ndani ya miaka miwili mitatu msichana wa enzi hizo alikwishaolewa, ana mtoto mgongoni, na barua ya chuo ikija inamkuta jikoni kwa watu. Haukupita muda mrefu serikali yenyewe ikaona idadi yao inapungua vyuoni, ikawaondolea sharti hilo. Katika miaka ya 1980 likaondolewa kwa wote.

Nalitaja hili kwa makusudi. Tumezoea kudhani kusubiri ni mapenzi ya Mungu, kama mvua za Singida. Lakini mtu mmoja mahali fulani aliamua reli ing'olewe. Mwingine aliamua mfuko uwe mdogo. Mwingine aliamua miaka miwili. Na walipoamua kinyume, foleni ikasogea. Kilichowekwa kwa kalamu huondolewa kwa kalamu.

Ndivyo ilivyo hata kwenye zama za kompyuta. Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha udahili wa pamoja mwaka 2010, maombi yote yakapita dirisha moja. Mwaka 2017 utaratibu ukabadilishwa, mwombaji akarudi kuomba chuoni moja kwa moja, majina yakawa yanatoka kwa awamu. Denti wa leo anaijua hiyo ngoma: awamu ya kwanza hayumo, awamu ya pili hayumo, simu haina chaji, na mkopo nao una orodha yake. Mchezo?

Taaluma iliyochelewa kufika

Sasa turudi kwenye ile S.L.P. ya dada.

Taaluma ya tiba ya usemi si kongwe hata huko ilikotoka. Wamarekani waliunda chama chao mwaka 1925. Mwaka uliofuata, London, mtoto wa mfalme aliyekuwa na kigugumizi kikali alianza kwenda kwa Mwaustralia mmoja, Lionel Logue, ambaye hakuwa na shahada yoyote ya kazi hiyo. Alikuwa na uzoefu na sikio. Yule mtoto wa mfalme mwaka 1937 akatawazwa kuwa George wa Sita. Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya bendera yake. Kwa hiyo mwenye kigugumizi wa Buckingham alikuwa na mtu wa kumsaidia, na mwenye kigugumizi wa Ulemo, aliye chini ya bendera ile ile, alikuwa na wenzake wa kumwigiza na kumcheka. Wataalamu wa Uingereza waliunda chuo chao mwaka 1945. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kiliianza kazi hiyo katika miaka ya 1930, kwenye nchi ambayo rangi ya ngozi ndiyo iliyofungua au kufunga mlango.

Yupo mtu mmoja ambaye kila anayesubiri barua angepaswa kulijua jina lake. Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alizaliwa Alabama mwaka 1925. Akiwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo ikamwacha kiziwi. Alitaka kusoma Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa. Kosa lake lilikuwa rangi. Alipokubaliwa mwishowe, alisoma mbio mbio, na mwaka 1954 akawa mweusi wa kwanza kupata shahada pale. Akaongeza za uzamili. Mwaka 1957 akaja Afrika, akaanzia Ghana. Mpaka ndege ilipomuua Rwanda mwaka 1987, alikwishaanzisha shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za bara hili. Yeye kazi yake ilikuwa lugha ya alama, si kulegeza ulimi, lakini ni majirani wa ukuta mmoja: wote wanampa mtu njia ya kusema alilo nalo. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kila mwaka ambao Gallaudet ilimweka Foster nje, haukuwa mwaka wa Foster peke yake.

Afrika Mashariki shahada ya kwanza ya tiba ya usemi ilianza Makerere mwaka 2008, ikiegemea sana walimu waliotoka nje. Yaani kutoka 1925 mpaka 2008, miaka 83! Katika miaka hii ya 2020 Muhimbili nayo ikaanza shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Ni jambo la kupigia vigelegele. Lakini anayetaka uzamili bado macho yake huwa nje, na huko nje anakutana na foleni nyingine.

Kwa nini foleni? Nilidhani ni roho mbaya tu ya wazungu. Kumbe kuna sababu ya kiufundi. Marekani huwezi kufanya kazi hii bila shahada ya uzamili, kwa hiyo kila anayeitaka lazima apite mlango huo. Na ili mwanafunzi apate cheti, lazima afanye saa 400 za kliniki, sehemu kubwa akiwa na mgonjwa mbele yake na msimamizi kando yake. Viti vya darasani unaweza kuongeza. Wasimamizi na kliniki huwezi kuwanunua dukani. Hivyo chuo kinachukua wachache, kinaweka wengine kwenye orodha ya akiba, kisha kinasubiri waliochaguliwa wajibu. Vyuo vingi huko vinampa aliyepewa nafasi pamoja na fedha mpaka tarehe 15 Aprili kuamua. Aliye kwenye orodha ya akiba anaombea mtu asiyemjua, huko asikokujua, abadili mawazo. Kwetu mwezi huo mvua ziko ukingoni na watu wanafikiria mavuno. Dada yuko shambani na simu imefungwa kwenye kitenge isiingie vumbi.

Juu ya hapo kuna ada ya maombi kwa dola, kuna mtihani wa Kiingereza, na ukikubaliwa kuna ubalozi. Tom Mboya angekuwepo angetambua kila hatua.

Wanaomsubiri anayesubiri

Mpaka hapa nimemzungumzia anayesubiri barua kama vile yeye ndiye mwisho wa safari. Siye.

Nyuma yake yupo mtoto wa miaka minne ambaye hajaunganisha maneno mawili. Majirani wameshatoa hukumu: ni bubu. Bibi anasema ana udata, mshipa wa chini ya ulimi ukatwe. Mwingine anasema kimeo. Wembe unatafutwa. Pengine shida ni masikio, pengine ni kitu kingine kabisa, lakini wa kupima hayupo karibu. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hunasa lugha kwa wepesi, na miaka hiyo haina orodha ya akiba. Ikipita imepita.

Yupo na kijana mwenye kigugumizi aliyeacha kunyoosha mkono darasani. Watoto wengi wadogo hupatwa na kigugumizi kikaisha chenyewe, wengine hakiishi, na kujua nani ni nani ni kazi ya mtu aliyesomea. Yupo aliyezaliwa na mdomo wazi, akafanyiwa upasuaji, watu wakashangilia, halafu bado anasemea puani kwa sababu hakuna wa kumfundisha jinsi ya kuutumia mdomo mpya. Yupo mzee aliyepata kiharusi. Akili iko pale pale, anakujua, anajua shamba lake linaishia wapi, ila neno halitoki, na wanawe wanagawana mambo mbele yake kana kwamba hayupo.

Na hapa liko jambo ambalo chuo cha ng'ambo hakiwezi kumfundisha dada, bali yeye ndiye atakayekifundisha chuo. Vipimo vingi vya taaluma hiyo vimetungwa kwa Kiingereza. Vinajua mtoto wa Kiingereza wa miaka mitatu hutamka nini na hukosea wapi. Mtoto wa Ulemo nyumbani anasikia Kinyiramba, shuleni Kiswahili, baadaye Kiingereza kinamwangukia kichwani. Akichanganya r na l kwa sababu ya lugha ya mama yake, huo si ugonjwa, ni kwao. Akiunganisha vibaya viambishi vya Kiswahili, je, ni shida ya lugha au ndiyo kwanza anajifunza lugha ya pili? Mtaalamu asiyezijua lugha zake anaweza kumpa mzima dawa na kumwacha mgonjwa. Ndiyo maana haitoshi kusema wataalamu wapo duniani. Anahitajika anayejua jinsi mtoto wa Iramba anavyoanza kusema.

Sasa basi, vijana wenzangu wa kalamu, nimeyaandika haya humu kwenye jarida letu, wala sikuyapeleka kwa madaktari, kwa sababu kuna kipande cha kazi hii ambacho hakihitaji barua ya kukubaliwa. Dada amekwishakianza. Ana daftari. Kila akikaa na mtoto mdogo, wa jirani au wa ndugu, anaandika: umri wake kwa miezi, neno alilosema, kwa lugha gani, alilitamkaje, alikuwa akitaka nini. Neno la kwanza, maneno mawili ya kwanza kuunganishwa, swali la kwanza. Ameomba ruhusa kwa wazazi wao, na majina ya watoto hayaandiki. Anasema hajui kama kamati ya chuo chochote itajali. Anasema pia kwamba siku atakapokuwa na mgonjwa wa kwanza, hilo daftari atalihitaji kuliko cheti.

Nasi tunaojiita waandishi, tunaokaa vijiweni tukisema tunasubiri mchapishaji, tunaweza kufanya hivyo hivyo kwa lugha za kwetu. Kinyiramba, Kinyaturu, Kigogo, Kisukuma, yoyote unayoisikia nyumbani. Masikio tunayo. Daftari la kurasa 64 si ghali. Andika tarehe, umri, neno na lugha, usirembe wala usisahihishe. Siku mtaalamu wa kwanza wa usemi atakaposhuka kwenye basi pale Misigiri, awe dada yangu au mwingine yeyote aliyesubiri zaidi yake, asikute tumekaa tukimtazama. Akute madaftari.